Bastola Iliyochorwa Kwenye Mpini

Kaisho, 3 Agosti 2024

Mwanangu Prudensia,

Hujambo? Sisi wazima, ila mgongo wangu unalalamika. Naandika kwa kuwa simu hapa inasikilizwa na ukoo mzima.

Wewe unatunza silaha za polisi, nielewe vizuri. Bastola ya babu yako ninayo. Alisema baba yake alimpora Mjerumani, akanikabidhi iwe alama ya mrithi. Baba yako mdogo Adelard anadai nusu ya kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, na wazee wanakaa mwezi ujao. Nitawawekea mezani, maneno yaishe.

Imeandikwa FABRIQUE NATIONALE. Kwenye kibao cha mpini imechorwa bastola ndogo kama yenyewe. Upande wa pili hakuna kibao, chuma kitupu. Itakuwa ya ofisa mkubwa, sivyo?

Baba yako,
Desderius

Dodoma, 12 Agosti 2024

Baba, shikamoo. Pole na mgongo.

Yesu wangu! Bila kibali hiyo ni jela. Wala si ya Mjerumani. Ni ya Ubelgiji, katika zile za kwanza kabisa kujipakia risasi zenyewe. Wabelgiji walipita huko wakitokea Rwanda, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pembeni kuna kitufe: SUR ni salama, FEU ni kufyatua. Usikiguse!

Na kibao cha mpini hakidondoki, kinashikwa na skurubu. Kuna mtu alikifungua.

Serikali imetoa msamaha: wanaosalimisha silaha kwa hiari hawashtakiwi. Ipeleke polisi, Baba.

Binti yako,
Prudensia

Dodoma, 6 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Mbona kimya? Nikipiga, Mama anasema uko migombani. Mimi nimekula kiapo cha kazi. Usinifanye nichague, nakuomba.

Binti yako

Kaisho, 29 Septemba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mgongo nafuu.

Nimeipeleka. Askari wenu wana adabu. Nikamwomba mmoja anifungulie kibao kilichobaki, akacheka, akanipa.

Wazee walipokaa nilikiweka mkekani. Nikasema, huu ndio urithi wangu, mengine yako polisi. Adelard hakubisha. Alimtuma mkewe Speciose nyumbani, akarudi na kopo la tumbaku. Ndani kulikuwa na kibao cha pili, bastola ileile ndogo, skurubu bado ipo.

Kumbe Baba alimpa. Alimwambia asikitoe mpaka mimi nitoe changu. Miaka yote hiyo aliposema naye ni mrithi nilimwita mwongo, kumbe anacho kabatini! Nilisikia aibu, sikuficha.

Tumegawana kibanja. Mibuni mizuri imeangukia kwake. Kaburi la babu yako liko mpakani, tunalipalilia wote.

Baba yako,
Desderius