Mto Niliouhamisha

Bujumbura, Jumanne, 9 Agosti 2005. Ni miaka kumi na moja na miezi tisa tangu nitoke nyumbani. Kiangazi kimekaza. Vumbi limejaa hewani hata milima ya Kongo haionekani ng'ambo ya ziwa, na koo linaniwasha tangu alfajiri.

Nyumbani si mbali. Ni kusini kidogo ya Rumonge, mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Watu wakisikia kwamba nimekaa hapa mjini, Buyenzi, miaka yote hii bila kwenda hata kuzuru makaburi, hudhani ni sababu ya vita. Kwa muda mrefu ilikuwa vita kweli. Sasa watu wanarudi, na mimi nimebaki bila kisingizio.

Jumamosi mjukuu wangu Zaina anaolewa, anahamia Kibenga kwa mumewe. Ni binti wa marehemu mwanangu Saidi. Mama yake alifariki kabla ya vita, tukamlea mimi na mke wangu, na tangu mke wangu naye aondoke duniani tumebaki wawili chumbani. Kwetu bibi arusi hatoki bila shuka iliyotariziwa na bibi yake. Bibi yake hayupo, basi nimeitarizi mimi.

Maisha yangu yote nimetarizi kofia, na kwa mwanaume hiyo ni kazi ya heshima. Shuka ni jambo jingine. Akina mama wa uani wamenicheka miezi sita. "Babu, usisahau kuandika Bonne nuit!" Nilicheka nao, maana ndiyo "usiku mwema" ya Kifaransa inayoandikwa kwenye shuka za maharusi. Sikuandika Bonne nuit. Nilitarizi nyumbani.

Chini kabisa nimeweka ziwa. Juu yake mchanga na ndagala walioanikwa, kila samaki mshono mmoja wa kijivu. Kisha nyumba yetu, kuliani kwake msikiti mdogo, kushotoni barabara ya kuja mjini. Michikichi nimeipa kijani cha aina tatu, na vishada vyake ni mafundo mekundu, madogo kama punje za mtama. Na mto.

Juzi Jumapili dada yangu Mariamu alifika kwa ajili ya harusi. Yeye alirudi nyumbani mwaka jana. Ameezeka vyumba viwili, kimoja anasema ni changu, na anataka tuondoke pamoja Jumatatu. Nilimwambia nitamjibu. Kisha nikamtandikia shuka kitandani ili tuzungumze mengine.

Aligusa kila kitu kwa kidole. Alilia kidogo alipofika kwenye ndagala. Halafu kidole kikasimama.

"Apana, kaka. Muto haiko huku."

"Iko wapi?"

"We ndiye unaniuliza mi? Iko huku, kati ya nyumba na barabara! Hapa umeitupa nyuma ya musikiti. Ee, umezeeka, kaka. Umezeeka kweli."

Nilicheka, nikampa maelezo. Nilikuwa nayo tayari. Mama yetu alitarizi akiwa amekaa kwenye kigoda, na mimi nilikaa kwenye mkeka mbele yake, nikimtilia nyuzi kwenye sindano. Nilichokiona tangu utoto ni upande wa nyuma wa kitambaa, ambako kulia ni kushoto. Kazi yangu ya kwanza niliichora kinyume, nyumba na ngazi yake, na mama alicheka mpaka akaangusha sindano. "Ni kosa lile lile," nilimwambia Mariamu, "uzee umenirudisha mkekani." Alikumbuka, akapiga makofi, akaridhika.

Nilimdanganya.

Kosa lile niliacha kulifanya nikiwa na miaka tisa. Na kama ningekuwa nimegeuza picha, msikiti nao ungehama, na barabara nayo. Vyote viko mahali pake. Mto peke yake ndio uliohama, na niliuona ukihama. Penseli ilipofika pale kwenye nafasi kati ya nyumba na barabara, ilipita. Ikaenda kuuchora nyuma ya msikiti, ambako hakuna mtu anayehitaji kuuvuka. Niliiacha.

Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu na najua jinsi watu wanavyozunguka jambo. Nitaandika bila kuzunguka.

Ilikuwa Novemba, mvua nyingi, mto umejaa. Tulivuka asubuhi: mimi, mke wangu, na Saidi akiwa amembeba Zaina mgongoni. Zaina alikuwa na miaka saba. Risasi zilisikika milimani, bado mbali. Tukiwa tayari ng'ambo nikakumbuka mkoba wa kofia niliouacha nyumbani. Kofia tatu za watu, hazijaisha, moja ya imamu wetu. Katika kazi yetu, kofia ukishaipima kichwani mwa mtu imekuwa amana, na fundi hakimbii na kuacha amana ya mtu nyuma. Nilimwambia Saidi arudi akauchukue mkoba.

"Baba, kofia?" alisema.

Nikamwambia ni amana.

Alimshusha mtoto akarudi majini. Tulimwona akifika upande wa pili, akipanda kuelekea nyumbani. Tulimngoja mpaka alasiri. Hatukumwona tena, wala hatukupata mwili wa kuzika.

Mke wangu alijua nani aliyemtuma. Hakunilaumu hata siku moja, na neno hilo aliondoka nalo. Wengine wote, Mariamu na Zaina, niliwaambia kwamba Saidi alipotea katika vurugu za njiani. Kwenye shuka yangu hakuna mto njiani. Kwenye shuka yangu Saidi angetembea tu mpaka Bujumbura, na nguo zake zingekuwa kavu.

Na hiyo ndiyo shuka niliyotaka kumpa binti yake akalalie.

Leo asubuhi, Mariamu akiwa sokoni, nilianza kuufumua. Mto wa miezi miwili unafumuka kwa saa moja. Zaina aliingia akanikuta na nyuzi za buluu mapajani.

"Babu, unafumua nini? Harusi ni Jumamosi!"

"Mto. Niliuweka pasipo pake."

"Sasa nani ataangalia? Mutu akiingia kulala anatafuta muto?"

Ilikuwa ni utani, na ningeweza kucheka kama Jumapili. Nikamwambia akae. Nikamweleza yote: mkoba, kofia tatu, neno nililosema.

Alitazama mashimo madogo yaliyoachwa na sindano.

"Aliniachia viatu vyake nivishike," alisema.

Sikujua kwamba anakumbuka chochote. Nilimwuliza kama amekasirika. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji, ingawa ndoo nyingine zote za nyumba zilikuwa zimejaa.

Sasa ni karibu adhuhuri na bado hajarudi ndani. Nimesikia sauti yake uani, anaongea na wanawake kuhusu mchele wa harusi. Labda ataichukua shuka, labda ataiacha hapa. Ana haki ya yote mawili. Mimi nimechora mto upya kwa penseli, kati ya nyumba na barabara. Nina siku tatu na nusu za kuutarizi.

Mariamu amerudi na vitunguu, ameuliza tena kuhusu Jumatatu. Nimemwambia akate tiketi moja.

Mto ule nimeweza kuuchora, kuuvuka siwezi. Sitarudi nyumbani.