Kidole cha Baba Mdogo Si Kidole cha Baba

Jericho, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu, na kwanza nauliza magoti yako, maana najua unalala sakafuni kando ya kitanda cha Baba huko hospitalini. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia tangu Alhamisi, nilipopata barua ya Baba Mdogo, aliyoandikiwa na mtu, kwamba mguu wa Baba utakatwa juu ya goti Ijumaa hii inayokuja, na kwamba yeye ameshatia kidole kwenye fomu ya ruhusa kwa niaba ya ukoo.

Mama, nakataa. Nimelifuta neno hilo mara mbili, na bado nakataa.

Unajua kazi yangu ni kupanga mafaili ya wagonjwa. Mwezi huu nimetumwa mara kadhaa kuchukua mafaili katika hospitali nyingine, upande wa pili wa mji. Wazee wenye ugonjwa kama wa Baba, mshipa wa damu umeziba pajani, mguu baridi, kidonda hakiponi, hospitalini kwetu karibu wote wanaandikiwa kukatwa. Kule wengi hupigwa picha ya mishipa kwanza, kisha daktari huchukua mshipa mwingine wa mgonjwa mwenyewe na kuutumia kupitisha damu pembeni ya palipoziba. Ugonjwa ni mmoja. Kinachotofautiana ni mlango alioingilia mgonjwa.

Nilimwuliza mkuu wetu wa mafaili sababu. Akavua miwani.

"Nekesa, wewe ni karani au daktari?"

"Karani, mzee."

"Basi panga mafaili. Hapa tunakata kwa sababu aliyepo anajua kukata. Ukitaka kuwafundisha, kaombe koti jeupe."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, kwa woga. Lakini saa ya chakula nilikwenda kule nikamngoja daktari wao mlangoni. Akauliza kama Baba bado anachezesha vidole vya mguu. Nikasema barua haikueleza.

"Mlete," akasema. "Siahidi mguu. Naahidi kuutazama kabla haujakatwa."

Ameandika barua ya kumpokea. Ninayo.

Sasa nisikilize, Mama. Fomu hizo nazishika kila siku. Baba ana akili timamu na anaongea, kwa hiyo ruhusa ni yake peke yake. Hata angekuwa ametia kidole mwenyewe, angeweza kukataa hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji. Mwulize anataka nini, mbele ya sista wa wodi, na sista aandike. Baba Mdogo atasema binti anamfundisha. Aseme. Nitaendelea kumheshimu, ila mguu si wake.

Lakini vidole vikigeuka vyeusi au homa ikipanda, usiningoje. Daktari wa huko aamue. Hilo naliogopa kuliko hasira ya mtu yeyote.

Niliomba ruhusa kazini nikanyimwa. Jumanne nitapanda gari moshi hata hivyo, nije kumchukua Baba akikubali. Barua hii anakuletea jirani yetu, fundi wa reli, anayesafiri leo.

Nisalimie shangazi anayekuletea uji, na kaka mwalimu. Baba Mdogo msalimie kwa heshima zake zote, na usimfiche barua hii; asomewe yote. Baba mwambie ajiandae kwa safari, na aulizie viatu vyake vilipo, vyote viwili.

Ni mimi binti yako,
Nekesa