Bembea ya Bibi na Jamaa wa Futi

Jumatatu, 6 Oktoba

Soksi nimeilowesha mara tatu leo. Ndiyo friji yangu: chupa ya maji ndani ya soksi mbichi, inaning'inia pale upepo unapopita. Maji yanatoka ya baridi kabisa. Soksi niliifua. Asiyeamini akanywe ya moto kwao.

Kiseke, mtaa wetu mzima, inaungua. Mabati yanaanza kulia saa nne asubuhi. Lakini kibaraza chetu sasa ni hoteli. Juu nimetandaza nyavu, mpasheni umepanda humo, kivuli tele. Mlangoni pazia la vizibo vya soda, nzi wanagonga wanarudi. Taa nimeitengenezea kofia ya wavu uliokazwa kwenye ringi ya baiskeli. Na bembea ya kulalia, ya nyavu hizohizo. Hiyo ndiyo kiboko. Chumba cha Bibi ni tanuri, alikuwa halali, miguu inavimba. Sasa analala kwenye bembea tangu asubuhi na anakoroma. Mimi, wa kuishia kidato cha pili. Wenye vyeti waje wachukue somo.

Tatizo moja tu. Nyavu kanipa Mabula, rafiki yangu wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Kuukuu, zile za matundu madogo zilizokatazwa. Watu wa idara ya uvuvi wakizikuta wanazichoma, na mwenye nazo wanaondoka naye. Ila nani atakuja kutafuta nyavu kibarazani?

Jumanne, 7 Oktoba

Nyumba ya mbele kahamia jamaa. Buti nzito, kidaftari mfukoni. Kampa Bibi shikamoo ya heshima. Mimi kanipa "mambo" kavu, macho yake juu, kwenye nyavu. Akauliza nimezitoa wapi. Nikasema urithi wa babu.

Babu alichunga ng'ombe maisha yake yote. Mtumbwi hakuwahi kuupanda.

Jamaa akatoa kidaftari, akaandika. Mtu gani anaandika majibu ya jirani?

Simpendi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwona. Nilikuwa narudi na ndoo ya maji, nikasimama nyuma ya choo. Bibi alikuwa ndani kwa jirani yetu mwingine, anasukwa nywele. Jamaa kaingia kibarazani kwetu, kavuta futi yake ya chuma, kapima tundu la bembea. Moja. La pili. Kaingiza ngumi, ikakataa. Kaandika.

Ndoo ilinitoka mkononi. Akageuka, akasema eti alikuwa anaangalia tu.

Hapa kwetu mtoto wa darasa la kwanza anajua nani hupima matundu ya nyavu. Fundi cherehani hapimi. Mchungaji hapimi. Ni watu wa aina moja tu.

Nimemwambia Bibi. Kacheka mpaka kakohoa. Kasema, "Mume wangu, wewe dhambi zako ndizo zinakukimbiza." Mjukuu mume, ndiyo utani wake. Leo sikucheka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda mwaloni kwa Mabula. Alikuwa anacheka, lakini nilipofika kwenye habari ya futi, meno yake yakarudi ndani. Kasema kama anapima matundu, basi ni mtu wa uvuvi mwenyewe, hakuna mjadala. Halafu kasema wakiniuliza, hanijui. Tumeketi dawati moja miaka saba.

Niliporudi nikaamua kumtega jamaa. Nikampelekea maji ya soksi, bila kumwambia ni ya soksi. Akanywa yote. Nikamuuliza anafanya kazi gani.

"Mimi napima tu, mdogo wangu," akasema. "Kukata wanakata wenzangu."

Akatabasamu. 

Wenzake. Kumbe wako wengi. Na wanakata.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimechoma.

Jamaa alitoka asubuhi, nikasema sasa au basi. Nimeshusha nyavu za juu, mpasheni ukaja nazo, maua na matunda mabichi. Miezi minne ya kumwagilia. Kofia ya taa nayo. Nyavu zinaungua vibaya, zinadondoka kama machozi meusi na kunuka mpaka njia kuu. Majirani walisimama kutazama. Wiki jana walikuja kunisifia.

Ikabaki bembea. Bibi yumo ndani. Nikamwambia ashuke. Akakataa. Nikamweleza kuhusu kukamatwa, nikaweka na chumvi. Akakataa. Nikashika kamba, akanichapa fimbo vidoleni.

"Anayeutaka huu wavu aje anibebe nao," akasema. "Kule ndani sirudi. Nikirudi ni kufa."

Hakutania. Miguu yake imepungua, niliiangalia vizuri. Wiki tatu nyuma ilikuwa kama mihogo.

Kwa hiyo nina ushahidi mmoja umebaki, na ndani yake kuna mwanamke mzee anakoroma. Naogopa. Hapa hakuna mtu wa kunicheka, basi naandika: naogopa sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Wamekuja. Watatu. Jamaa, mkewe, na mtoto mchanga mgongoni, shingo yote vipele vya joto.

Nilikuwa nimeshafunga begi.

Jamaa kaanza kuomba radhi. Kasema alikuwa anaona haya kuniomba kitu wakati hatujazoeana. Mtoto halali, chumba chao ni moto. Alitaka nimtengenezee bembea, ila kwanza aliangalia kama mguu wa mtoto unaweza kupenya ukanasa. Ndiyo maana ya ngumi, na ya kuandika nyavu zimetoka wapi. Kazi yake ni madirisha ya alumini. Yeye anapima, wenzake wanakata.

Nilitamani joto liniyeyushe palepale.

Kisha akaona jivu, akaona juu kweupe. Akauliza nani kanifanyia hivi. Nikasema watu wa uvuvi. Akakasirika kwa niaba yangu, akasema kesho twende wote ofisini kwao tukalalamike. Nikaanza kutafuta uongo wa pili.

Bibi akasema kutoka kwenye bembea, bila kufumbua macho, "Kachoma mwenyewe. Alikuwa anakukimbia wewe na futi yako."

Mke wa jamaa alicheka hadi akakaa chini. Jamaa hakucheka. Hilo ndilo liliniuma.

Jumatano, 15 Oktoba

Jamaa kaleta kamba ya manjano, ya dukani, halali. Nafuma bembea ya mtoto. Mabula kapita na samaki wawili aina ya sato kana kwamba hakusema kitu. Nimewapokea. Wakiisha nitamkumbusha dawati.

Jua kali, kivuli hakuna. Nimefunga shuka mbili za Bibi juu. Hoteli imeshuka hadhi.

Saa saba mke wa jamaa alikuja na mtoto analia, uso umelowa jasho. Bibi akamwangalia. Akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akashuka. Hakuna aliyemwomba. Akatandika kanga ndani ya bembea, akamlaza mtoto, yeye akakaa kwenye kiti cha tairi na kusukuma bembea kwa kidole cha mguu.

Mtoto kalala.

Nimejaribu tundu la kwanza kwa vidole vyangu viwili. Kubwa, mguu wa mtoto utapita. Nimefumua, naanza tena.