Kitambaa cha Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Miwani ilikuwa ndani ya friji, juu ya mayai. Mume wangu ameitoa na kunikabidhi kwa adabu nyingi mno. Adabu hiyo naijua: ni kicheko kilichovaa suti. Nina miaka hamsini na miwili. Hedhi iliniaga mwaka jana — ila haikuondoka mikono mitupu.

Jumatano, 5 Machi
Leo sina la kujisifia. Katika chumba cha upasuaji, kabla mgonjwa hajashonwa, mimi huhesabu vitambaa vya kufutia damu, kwa sauti, na mwenzangu akifuatisha. Vilivyoingia tumboni lazima vitoke vyote. Kanuni niliiandika mimi: anayepoteza hesabu aseme, hesabu ianze upya, na jina lake liandikwe kitabuni.

Kwenye kitambaa cha kumi na nne joto likanipanda kutoka kifuani hadi masikioni — na namba ikaniponyoka. Daktari mpasuaji kasimama, sindano mkononi. Nikasema tunarudia, nataka Kimya ajifunze. Kimya, muuguzi mwenzangu, mama wa watoto watatu, akanishukuru kwa somo. Vilitimia ishirini. Jina langu sikuliandika.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari wa wanawake ameniuliza habari za utoto wangu. Nimekiri: mwalimu alinikalisha mbele kwa sababu macho yangu yalihamia dirishani, na tangu hapo nimeishi kwa orodha. Nina hata orodha ya orodha. Akaeleza kwamba homoni zikishuka, umakini nao huweza kulegea. Na wapo wanawake waliokuwa na ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia mahali pamoja, tangu utotoni, wakaifunika kwa utaratibu mkali bila wenyewe kujua, mpaka umri huu ukaifunua. Vipimo bado. Matibabu yapo.

"Ukali wako, dada, huenda ulikuwa mkongojo."

Miaka thelathini nimeuita tabia njema!

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi Kimya amepoteza hesabu. Alisema palepale, akaandika jina lake. Ni mara ya pili mwaka huu, na kwa kanuni yangu mara ya pili ni kuondolewa chumbani miezi mitatu. Matroni ameniletea fomu ofisini. Ameisifu kanuni, anatamani hospitali nzima iwe kama mimi. Mungu aiepushie hospitali hii balaa hilo.

Nimejaza tarehe. Nimejaza jina. Kwenye nafasi ya maoni nimekwama — na safari hii akili haijatoroka. Ipo, imeketi, inanitazama.

Kimya amepiga hodi. Hakuja kulalamika. Ameuliza tu, kwa sauti ya chini:

"Sista, ile Jumatano ulikuwa unanifundisha kweli?"

Nimemwambia afunge mlango, aketi. Ameketi. Kitabu cha majina kipo mezani, kati yetu. Anangoja kwa subira, mikono mapajani. Anadhani ninachoandika hapa ni fomu.