Ndani ya Gambuti

Bowie, Maryland
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Kibet,

Pokea salamu zetu. Mgongo wako waendeleaje? Na ule mkono uliovunjika, unaweza kukamua ng'ombe sasa? Sisi tu wazima. Mwanangu Ethan namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, ndiyo maisha.

Umeniandikia kwamba majirani wanamsengenya Leonard, eti Amerika imemlewesha hata akafika siku mbili baada ya mamake kuzikwa. Kaka, aliyemchelewesha ni mimi.

Unakumbuka uliniomba kitu cha kufukuzia tumbili shambani. Nilienda duka moja Wheaton linalouza bunduki za mchezo, zinazorusha punje za plastiki kwa nguvu ya hewa. Muuzaji alinieleza kwa subira. Ya springi unaikoki, yaani unaivuta springi kwa mkono, kila mara. Springi ikiachiliwa inasukuma hewa, hewa inarusha punje. Nikaukumbuka mkono wako, nikairudisha. Ya umeme ina betri na mota ya kuivuta springi, punje zinatoka mfululizo. Nikaikumbuka stima yenu inayopotea wiki nzima. Ya gesi, gesi inajazwa kwenye kasha la risasi; ukifyatua inarusha punje na kukupiga teke mkononi. Ni ya chuma, nzito, kama ya askari. Nikachukua hiyo, nikisema gesi utaitafuta Eldoret.

Ncha yake ilikuwa ya rangi ya machungwa, ili watu wajue si bunduki ya kweli. Mimi mjuaji nikaing'oa, nikiogopa tumbili watakucheka.

Ndipo Leonard akafiwa. Huku kwetu, anayekwenda nyumbani hata kwa matanga hubebeshwa mizigo ya wenzake. Nilimpelekea gambuti nilizokununulia, buti za mpira za shambani, bunduki nimeifunga kwa soksi ndani ya mguu wa kushoto.

"Cherono, ume-pack nini humu?" aliniuliza.

"Ni gambuti tu."

Nilijua angekataa. Uwanja wa ndege Nairobi waliiona, wakamzuia siku tatu mpaka walipohakikisha ni ya mchezo. Mamake alizikwa yeye akiwa kwenye benchi, akijibu maswali niliyopaswa kujibu mimi. Na huko nyumbani hakunitaja.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na hataki kurudi kwao.

Leonard amesharudi huku, na jana alileta unga wa wimbi ulionitumia. Hakukaa. Aliufungua mfuko mwenyewe, akazamisha mkono hadi kiwiko, akakoroga mbele yangu.

"Check vizuri," alisema. "Ni unga tu."

Tangu jana mfuko uko wazi mezani. Nimeshindwa hata kupika uji.

Tafadhali, Jumapili baada ya ibada simama uwasomee watu barua hii. Usiniruke jina.

Nisalimie wifi Waringa na mzee Mutai. Mungu awafunike kwa mkono wake. Na mkipita kaburini kwa mama yake Leonard, mwambieni kwamba mwanawe hakuchelewa.

Dada yako akupendaye,
Cherono