Siku Nilipompita Papa Nikiwa Juu ya Farasi

Jumamosi, Kibabi. Asubuhi ukungu, mchana jua la kuchungulia, sasa baridi tupu. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kwa sababu kukaa kitako siwezi. Chekeni tu.

Leo nimemaliza wiki yangu ya kwanza ya kuongoza wageni wanaopanda farasi kwenye ferme, shamba kubwa la ng'ombe lililo juu ya kijiji chetu. Wageni wanatoka Goma kuja kuona vilima, na sisi tunawapandisha na kuwashusha salama. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kukaa. Kabla ya kukaa kuna kuchota maji, kuzoa mavi, kukwangua matope kwenye kwato, na kuinua tandiko zito hadi kwenye mgongo wa farasi, ambao unanifika puani. Nimelima tangu utotoni, nikaamini mwili wangu unajua kuchoka. Kumbe haukujua kitu.

Jumanne, Bijou, farasi jike niliyepewa, alinitupa matopeni mbele ya wachungaji wa ng'ombe. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nilipanda tena.

Lakini maumivu siyo yaliyoninyima usingizi. Ni Papa, baba yangu. Nilipomwambia nimepata kazi hii, hakunipongeza wala hakunikataza. Alisema mara moja tu: "Farasi ni ya batu ya ferme. Sisi tuko batu ya jembe." Mama akanishauri nimwache, atazoea. Sikutaka azoee. Nilitaka afurahi.

Leo nimeongoza peke yangu kwa mara ya kwanza: mume, mke na dada ya mke, wote hawajawahi kupanda hata punda. Msimamizi wa ferme alinikumbusha sheria ya mteremko. Kiongozi hashuki kwenye farasi mpaka mgeni wa mwisho afike tambarare, maana ukisimama wewe, farasi wa nyuma wanasongamana, mgeni anashtuka na kuvuta hatamu ovyo, na hapo mtaokotana bondeni.

Njia yetu ya kawaida imekatwa na maporomoko ya udongo, kwa hiyo tukashuka kwa ile inayopita katikati ya mashamba. Inapita kwenye shamba la Papa. Niliomba Mungu awe ameshaenda nyumbani.

Hakuwa ameenda. Alikuwa ameinama kando ya njia, anapalilia maharagwe.

Kwetu humpiti mzazi anayelima ukiwa umekaa juu. Hata mwenye baiskeli hushuka, akatoa pole ya kazi, ndipo akaendelea. Na mimi nilikuwa juu ya farasi, baba yangu chini na jembe mkononi. Kina mama wa shamba la jirani waliacha kupalilia ili waone mtoto wa watu atafanya nini.

Mguu wangu mmoja ulishaanza kutoka kwenye kikuku cha tandiko wenyewe. Nyuma yangu nikamsikia yule mke anasali kwa sauti. Nikaurudisha mguu.

Nilivua kofia, nikainamisha kichwa. "Papa, pole na kazi. Unisamehe, siwezi kushuka. Niko na batu nyuma."

Alinyooka taratibu. Akamtazama Bijou, akawatazama wageni, akanitazama mimi. Niliogopa kuliko siku niliyotupwa.

"Usishuke," akasema. "Peleka batu yako."

Njia ilikuwa nyembamba. Ili tupite, Papa akarudi nyuma na kusimama ndani ya maharagwe yake, yale yaliyoanza kutoa maua. Papa huyu aliwahi kumgombeza mchungaji wa kanisa letu kwa kukanyaga mche mmoja. Nililia mpaka tambarare, lakini kwa kuwa kiongozi yuko mbele, wageni hawakuona.

Jioni hii, tukiwa tunakula, ameniuliza tutapita tena lini. Nimemwambia Jumamosi ijayo, na kuendelea mpaka njia yetu ya kawaida itengenezwe. Ametafuna kwanza. Kisha amemwambia Mama kwamba Jumatatu atang'oa mstari mzima wa maharagwe kando ya njia, farasi wapite vizuri. Mama amemwangalia kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Najivuna, sifichi. Jumatatu nitaamka mapema, nikamsaidie kung'oa.