Taa za kaburi la baba

Kilema, Desemba 26

Eti mimi ndiye mkorofi! Mdogo wangu amefunga taa za LED kuzunguka kaburi la baba huku mgombani, wageni wa Krismasi wazione. Njia ya bandani hakuweka hata moja. Leo alfajiri mama alikwenda kukamua ng'ombe, akaanguka gizani, akaumia mguu.

Nilimwambia mdogo wangu mbele ya wakwe zake, "Unamwangazia asiyetembea."

"Dada, umesoma sana ila adabu huna."

"Yako ni ya kupigia picha."

Wakwe wakainamisha vichwa. Nilifurahi, sikatai.

Mama akaita kutoka chumbani, "Mwache. Mimi ndiye niliyemwambia aanze na baba yenu."

Nikamjibu mlangoni mwake, "Basi baba akukamulie ng'ombe."

Akageukia ukutani. Nimempelekea mtori, hakula. Mguu unazidi kuvimba, na hataki niuguse.